Tavë Kosi kwa Mtindi wa Kisesa

Mwezi wa pili mwaka huu tulimzika Mama Lumi kule Muleba, kwenye shamba la migomba la ukoo wa mumewe. Watu walikuwa wengi. Padri alieleza imani ya marehemu, mwenyekiti wa kijiji akasema jinsi yule mama wa Kizungu alivyojifunza Kihaya mpaka akawa anataniana na wazee, na shemeji yake akasoma wasifu wa marehemu: jina lake Drita, Mwalbania, mzaliwa wa Prizren huko Kosovo, aliolewa na Injinia Rwegasira aliyekuwa akisomea uhandisi wa maji upande huo wa dunia, wakaja nchini, wakajaliwa mtoto mmoja, Lumi. Wasifu ulikuwa mzuri, lakini haukutaja chakula hata mara moja. Nilikuwa nimekaa na akina mama upande wa kupikia, na nilijikuta nasubiri, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini. Baada ya mazishi Lumi, ambaye sasa ni mwanasheria na ana watoto wake, alikuja akaniinamia sikioni. "Dada Leo," alisema, "hawajasema alichokuwa anapika. Mimi nilikuwa na miaka sita tu mwaka ule wa vita. Wewe ulikuwa mkubwa. Andika." Kwa hiyo naandika.

Nilifika kwao mwezi wa kwanza wa mwaka huo, 1999, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilivuka kutoka Sengerema kwa kivuko nikiwa na begi moja na mpango mmoja: kusoma kupiga chapa, nikae ofisini, nivae viatu vya visigino. Chuo kilikuwa kinaanza mwezi wa saba. Katikati hapo nilihitaji kazi, na binamu yangu alisikia kuna nyumba ya wageni Ilemela inatafuta mpishi. Mimi sikuwa mpishi. Nilijua ugali, mboga, wali na chapati, kama msichana yeyote. Nyumba yenyewe ilikuwa imekaa juu ya miamba, vyumba tisa vya kupangisha na viwili vya familia, na ukisimama barazani uliliona ziwa lote mpaka macho yanachoka. Jiko lilikuwa upande wa nyuma. Lilikuwa na meza ya mninga pana kama kitanda, imefunikwa kitambaa cha maua, na dirisha lililotazama tanuri la matofali ambalo Injinia alilijenga kwa mikono yake kwa sababu mkewe alikataa kuishi kwenye nyumba isiyo na tanuri. Mama Lumi alikuwa amesimama mezani, mwanamke mrefu mwenye kilemba cheupe, unga mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Unajua kusukuma chapati?"

"Najua."

"Sukuma."

Injinia alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa. "Huyu ni Msukuma," alisema. "Asipojua kusukuma, kabila zima litaaibika." Mkewe hakucheka; utani ule, nilikuja kujua, ulikuwa umetumika kwa kila mpishi aliyepita. Nikachukua mti wa chapati, nikasukuma duara langu kwa makini, nikamwonyesha. Akaliangalia, akasema, "Nyembamba zaidi." Nikasukuma tena. "Zaidi." Mwisho akaninyang'anya ule mti wangu mfupi na mnene, akatoa wa kwake, mrefu kama mkono na mwembamba kama kidole, akauviringisha unga juu yake, akaufungua, akauviringisha tena, mpaka ukatanda meza nzima na nikayaona maua ya kitambaa kupitia kwenye unga. Hakuna hata tundu moja. Ndipo akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ukiyaona maua," alisema, "hapo umeanza."

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya furaha, na nikikumbuka leo naona kwamba furaha yenyewe ilikuwa ya kuonekana mjinga kila siku mbele ya mtu ambaye hakunidharau. Alinifundisha byrek, ambayo wao kule Prizren wanaiita pite: karatasi za unga zinapangwa kwenye sinia la duara, kila moja inapakwa samli, katikati unaweka mchicha na jibini, au boga lililokunwa, kisha karatasi nyingine juu, halafu tanurini mpaka ngozi ya juu ivunjike kwa sauti ukiigusa. Jibini alitengeneza mwenyewe kwa maziwa na ndimu, akalining'iniza kwenye kitambaa juu ya karai. Alinifundisha tava ya mji wao, nyama iliyookwa polepole na bilinganya, bamia na pilipili hoho mpaka huwezi kujua kipi kimempa mwenzake utamu. Alipika maharage pia, akayaoka baada ya kuyachemsha, pamoja na nyama iliyokaushwa. Siku ya kwanza nilipoambiwa leo tunapika maharage nilisimama wima kwa kujiamini, na alipoyaonja yale niliyoyapika peke yangu alisema taratibu, "Haya ni ya shuleni."

Wageni wetu wengi walikuwa wasafiri wa kazi: watu wa samaki, wapima ardhi wanaoelekea machimboni, walimu wanaokuja kufuatilia barua zao. Kila wiki alikuja Bwana Masanja, afisa mifugo kutoka upande wa Shinyanga, mwanaume mnene mwenye sauti ya chini aliyekula ugali asubuhi na jioni na kuona hakuna sababu ya kubadilisha. Alipowekewa byrek mara ya kwanza aliigeuza na uma. "Hii ni sambusa iliyolala," alisema. Mama Lumi akamjibu kutoka dirishani, "Kula kabla haijaamka." Akala. Wiki iliyofuata alipofika, kabla hata ya kuweka mkoba chini, aliuliza kama ile iliyolala ipo.

Jumapili moja ya mwezi wa pili tulipika flija. Hiki ndicho chakula ambacho nikimweleza mtu ananiona mwongo. Ni uji mzito wa ngano unaomwagwa kwenye sinia kwa mistari, kama miale ya jua, kisha unafunikwa na kifuniko cha chuma kilichochomwa kwenye makaa mpaka kikawa chekundu. Mistari ikiiva unapaka krimu, unamwaga mingine kwenye nafasi zilizobaki, unafunika tena. Inaendelea hivyo nusu siku, tabaka juu ya tabaka. Kifuniko chetu kilifuliwa na fundi wa mabati kutokana na pipa la mafuta. Tulikaa nje kwenye vigoda, Mama Lumi, mimi na Lumi mdogo ambaye kazi yake ilikuwa kupaka krimu na kulamba mwiko, na Mama Lumi akazungumza siku ile kuliko siku zote. Alisema mama yake mzazi alikuwa na kifuniko kilichotoka kwa bibi yake. Alisema dada yake, Vera, hakuwa na subira, alikuwa anainua kifuniko kabla ya wakati na kuharibu kila kitu. "Kwetu mgeni akija hatumuulizi anataka kula nini," alisema. "Tunaanza flija. Basi hawezi kuondoka mpaka jioni." Nikamuuliza kama amekumbuka nyumbani. Akafikiri. "Nyumbani ni hapa," alisema. "Kule nina watu."

Mwezi wa tatu vita ya kwao, iliyokuwa ikinong'ona muda mrefu, ilifika mjini kwao. Mimi niliielewa kwa njia ya mlango wa jikoni. Chumba chao kilitenganishwa na jiko kwa ukuta tu, na redio yao ya mawimbi mafupi ilikuwa inasema kwa lugha mbalimbali. Baada ya redio nilisikia Injinia akizungusha namba za simu za Prizren, kimya, akizungusha tena. "Inaita?" Mama Lumi aliuliza. "Inaita." "Hawapokei?" "Hawapokei." Siku iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata. Halafu siku moja Injinia akasema, "Haiiti tena." Redio ilisema watu wanatolewa majumbani mwao na kuambiwa waondoke kwa miguu kuelekea mpakani. Mama Lumi aliacha kuingia jikoni. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la chumba chao, mikono mapajani, na ile mikono, niliyoizoea ikiwa na unga, ilikuwa safi kabisa. Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

Kwa hiyo nilipika mimi. Sikuamua, wageni walikuwepo, walikuwa na njaa. Nilipika byrek iliyokauka pembeni na mbichi katikati, wakala kwa adabu. Nilimpelekea Mama Lumi sahani kila mchana na kuirudisha jikoni kama ilivyokwenda. Injinia alinikuta nimesimama na sahani hiyo siku ya tatu. Alikuwa ameacha kunyoa ndevu. "Mpelekee chai tu, Leokadia," alisema. "Chai anakunywa." Nikasema sawa, lakini moyoni sikukubali. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikujua lolote kuhusu vita, ila nilijua kwamba mwanamke yule alikuwa hawezi kuvumilia chakula kibaya. Siku iliyofuata nilikuna boga, nikakanda unga, nikasukuma mpaka maua yakaonekana, sio vizuri sana lakini yalionekana. Nikaoka. Nikaweka kipande kwenye sahani yake, nikaingia, nikasimama. Sikutoka kama siku nyingine.

Alikiangalia muda mrefu. Akachukua kisu, akakikata, akakigeuza ubavu kama mtu anayesoma kurasa. "Nane," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilikufundisha kumi na mbili."

"Nyingine zilichanika, mama."

"Zilichanika kwa sababu ulikanda kwa maji baridi." Akakiweka kinywani. Akatafuna huku akitazama ziwa, na machozi yakawa yanatiririka bila yeye kuyafuta, kama vile si ya kwake. Akala chote. Kisha akasimama, akafunga kilemba, akaniambia nichemshe maji. Tulikanda unga wa pili mchana ule, na hatukuongea chochote isipokuwa habari za unga. Hakuwa amepona. Kila mara alipopita karibu na simu alipunguza mwendo. Lakini alikuwa jikoni, na mimi niligundua siku hiyo kwamba sitakwenda chuo cha kupiga chapa. Hakuna aliyenishauri. Nilijua tu, nikikuna boga la pili, kwamba nilichokifanya asubuhi ile kilikuwa kikubwa kuliko barua yoyote ambayo ningeweza kuichapa.

Leo nina mgahawa wangu Mkolani, meza saba, na kwenye ubao wa nje nimeandika "pite" chini ya pilau. Wengine huuliza, wengine hawaulizi. Mwaka jana Neema, nesi, binti wa jirani yangu, alipata nafasi ya mafunzo Tirana, akaja kwangu akiwa na hofu usoni. "Shangazi, nitakula nini huko?" Nilifurahi kuulizwa kuliko ninavyoweza kueleza. Nikamkalisha. Nikamwambia, asubuhi nenda penye foleni ya watu wanaokwenda kazini, nunua byrek ya moto, kula na mtindi wa kunywa. Hapo hapo Tirana ulizia fërgesë, pilipili hoho na nyanya zilizopikwa na jibini, uchovye mkate. Ukipata siku ya kwenda Elbasan, agiza tavë kosi, usikubali wakuambie imekwisha. Ukifika Kosovo, ulizia nani anapika flija, na usiwe na haraka. Alikuwa anaandika kwenye simu. Akasimama, akaniuliza, "Shangazi, wewe uliishi huko miaka mingapi?" Nikamwambia sijawahi kuvuka hata mpaka wa Uganda. Alinitazama kwa namna ambayo nilimwonea huruma, nikamfungia chapati za njiani.

Simu ililia Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mwaka ule wa vita, saa nne asubuhi. Nakumbuka saa kwa sababu Kulwa, mama aliyetuletea maziwa kutoka Kisesa, alikuwa amefika muda ule, na tulikuwa bado tunasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, kibuyu cha mtindi kikiwa bado mkononi mwake. Lumi alipokea, akasikiliza, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, kuna mtu analia." Mama Lumi alitoka jikoni bila kukimbia. Alishika mkono wa simu, akasema neno moja, "Vera," kisha akakaa sakafuni, waya wa simu ukivutika kutoka mezani. Injinia akaja akakaa chini karibu yake, mwanaume wa miaka hamsini na suruali yake ya kupigwa pasi. Mimi na Kulwa tulibaki mlangoni. Sikuelewa walichosema, ila katikati nilisikia maneno niliyoyajua vizuri, kwa sababu kila siku Lumi aliporudi shuleni aliulizwa karibu hayo hayo: a keni hangër. Mmekula? Nikamgeukia Kulwa nikamwambia, "Anawauliza kama wamekula." Kulwa akasema, "Basi wako hai."

Walikuwa hai wote, mama yao, Vera na watoto wake wawili. Walitembea mpaka mpakani, wakachukuliwa na gari la mizigo, wakafika Elbasan, mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona. Mwalimu mmoja na mkewe, watu wasiowajua, waliwapa chumba chao wenyewe cha kulala, wao wakahamia sebuleni. Na jioni ya kwanza wakawapikia tavë kosi. Mama Lumi alitusimulia haya akiwa bado sakafuni, huku akicheka na kulia, maneno ya Kiswahili, Kihaya na Kialbania yakigongana. Tavë ni chungu cha kuokea, alisema, na kos ni mtindi. Ni chakula cha Elbasan. Kule Prizren hawakuwa wanakipika. Mama yake, baada ya wiki mbili za mkate mkavu, alionja kijiko kimoja, akamnong'oneza Vera kwamba watu hawa ni watakatifu lakini wameharibu mtindi mzuri. Kisha akamaliza sahani na kuongeza. "Kama analalamika," alisema Mama Lumi, "basi ni yeye kweli." Halafu akainuka, akajifuta uso kwa kilemba, akatazama kibuyu cha Kulwa. "Mtindi huo ni mzito?"

"Unasimama na kijiko," alisema Kulwa.

Mara ya kwanza tuliharibu. Vera alikuwa ameeleza kwa haraka, mambo mengine yakapotea njiani. Tuliikaanga nyama ya mbuzi, tukaweka wali kidogo, tukamwaga mtindi juu na kuusukumiza tanurini, na ulipotoka ulikuwa umekatika, maji upande mmoja na mabonge upande mwingine. Bwana Masanja, ambaye kazi yake ilikuwa ng'ombe na alijua maziwa, alitazama akasema kwa masikitiko, "Huyu mnyama alikuwa mgonjwa." Jumamosi iliyofuata Vera alipopiga tena, Mama Lumi alimuuliza hatua kwa hatua, akinitafsiria, na mimi nikirudia kwa sauti ili nisisahau: siagi kwanza, unga ndani ya siagi, koroga usiungue, ndipo mtindi kidogo kidogo, mayai mwisho, usiache kukoroga. Kumbe ni unga na mayai yanayoushika mtindi usikimbie. Tukamwaga juu ya nyama, tukafunga mdomo wa tanuri. Ilipotoka ilikuwa imeumuka mpaka juu ya kingo za chungu, imekuwa ya dhahabu na madoa ya kahawia, ikitetemeka kidogo katikati. Ukiingiza kijiko unapita kwenye kitu laini kama wingu, kichachu, kisha unafika kwenye nyama na wali uliokunywa mchuzi wote. Bwana Masanja alikula sahani nzima. Alipomaliza alisema kwamba ng'ombe wamefugwa nchi hii miaka yote hii na hakuna mtu aliyefikiria jambo hili, na akaomba tena.

Tulipika kila Jumamosi mpaka vita ikaisha na watu wake wakarudi kwao kutengeneza paa. Lakini ile ninayoikumbuka zaidi ni Jumamosi ya tatu. Chungu kilikuwa kimetoka tanurini, kiko mezani, wageni wanasogeza viti, na simu ikalia. Mama Lumi akapokea akiwa amesimama, akaanza kueleza alivyopika, kwa fahari, nilijua kwa jinsi alivyonyoosha shingo. Ghafla akanyamaza. Akasema jambo kwa ukali. Akanyamaza. Akasema tena, haraka zaidi, mkono ukikata hewa. Niliogopa kwamba kuna habari mbaya. Nikamtazama Injinia, ambaye alikuwa ameegemea mlango, amenyoa ndevu, anasikiliza kichwa kimeinama.

"Kuna nini, baba?" nikauliza.

"Vera anasema ya mbuzi si tavë kosi. Lazima kondoo." Akasikiliza tena. "Mke wangu anasema Vera tangu utoto anajua kula tu, hajui kupika. Sasa Vera anamkumbusha habari ya keki fulani ya Krismasi." Sauti ya Mama Lumi ilikuwa imepanda mpaka wageni wameacha kula. Injinia alinyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu nikaona mabega yake yanashuka mahali pake. "Wanagombana, Leokadia," alisema. "Hapo sasa ni wao."

Nikakata kipande kutoka katikati ya chungu, pale palipoumuka zaidi, nikampelekea pale pale kwenye simu. Alikipokea kwa mkono wa kushoto, bila kunitazama, na bila kuacha kubishana.